Mwiba wa Samaki na Askofu wa Sebaste

Bonde la Kilombero linakula wali na samaki. Kuanzia Michenga hadi Ifakara mjini, na ng'ambo ya mto pia, kitoweo ni perege, kambale na kitoga, na kila aliyelishwa perege tangu utotoni ameonywa ale polepole kwa sababu ya miiba. Kwa hiyo mtakatifu anayekumbukwa Februari 3 anastahili kueleweka vizuri hapa. Ni Blasi, askofu na mfiadini, ambaye Wakatoliki huomba maombezi yake kwa ajili ya koo.

Baraka yake ni fupi. Padre au shemasi huchukua mishumaa miwili iliyobarikiwa siku iliyotangulia, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, akaipishanisha mfano wa msalaba na kuiweka kooni pa muumini. Kisha humwombea, kwa maombezi ya Blasi, akingwe na maradhi ya koo na maradhi mengine yote. Mstari unasogea, anakuja mwingine.

Masimulizi yanasema Blasi alikuwa tabibu katika mji wa Sebaste, Armenia ya kale, ambao leo ni Sivas nchini Uturuki. Watu walimpenda wakamchagua awe askofu wao. Mateso yalipozuka alijificha katika pango mlimani. Wanyama wa porini walimwendea, akawaponya waliokuwa wagonjwa, na walipomkuta akisali walingoja amalize. Wawindaji wa liwali Agricola, waliotumwa kutafuta wanyama wa kupambanishwa uwanjani, waliwakuta wamejaa mlangoni pa pango. Wakamkamata askofu. Njiani mama mmoja alimkimbilia akiwa na mwanawe wa pekee, amekabwa na mwiba wa samaki. Blasi akamwombea, mtoto akapona. Mama mwingine, maskini, alikuwa na nguruwe mmoja tu, naye amechukuliwa na mbwa mwitu. Blasi akaamuru, nguruwe akarudishwa mzima. Askofu alipotiwa gerezani, mama yule alimchinja nguruwe wake, akampelekea kichwa na miguu pamoja na mkate na mshumaa wa kumwangazia. Ndiyo maana, wanasema wasimulizi, tunatumia mishumaa. Mwisho alichanwa mwili kwa machanuo ya chuma ya kuchania sufu, kisha akakatwa kichwa. Mwaka unaotajwa ni 316, enzi za mfalme Licinius.

Ni hadithi nzuri, na ningependa kila katekista aisimulie yote, bila kumwacha nguruwe. Lakini mwanahistoria wa Kanisa lazima aulize iliandikwa lini. Tumlinganishe Blasi na Polikarpo wa Smirna, askofu ambaye jina lake Watanzania wanalijua kupitia Kardinali Polycarp Pengo. Polikarpo aliuawa katikati ya karne ya 2, na Wakristo wa mji wake mwenyewe waliandika barua kueleza kifo chake. Siprian wa Karthago, Mwafrika mwenzetu aliyekatwa kichwa mwaka 258, ametuachia barua zake kwa wingi. Blasi hana barua, hana hotuba, hana shahidi wa wakati wake. Visa tunavyovisoma viliandikwa yapata karne ya 8, miaka mia nne hivi baada ya kifo chake.

Hata mwaka wenyewe una utata. Mwaka 313 Licinius na Konstantino walikubaliana kuwaachia Wakristo uhuru wa dini. Licinius aliwageuka baadaye, na mateso yake yanahesabiwa hasa kuanzia 320 hivi hadi aliposhindwa mwaka 324. Askofu kuuawa Sebaste chini ya mtawala huyo ni jambo linaloaminika. Tarehe ya 316 ndiyo isiyokaa sawa.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote hautoki kanisani. Unatoka kwa daktari. Katika karne ya 6 Aetius wa Amida, aliyesoma Aleksandria akafanya kazi Konstantinopoli, aliandika kwa Kigiriki vitabu 16 vya tiba. Vimejaa dawa, marhamu na maelekezo ya matibabu. Anapofika kwenye mambo yanayokwama kooni, anamweleza tabibu namna ya kumshika mgonjwa koo na kuuamuru mfupa, kwa jina la Blasi mfiadini, upande au ushuke. Anaandika kama mtu anayetaja jambo linalofahamika, hata haoni haja ya kueleza Blasi ni nani.

Pima uzito wa jambo hilo. Maombi ya koo yanaonekana kwenye maandishi karne mbili hivi kabla ya kisa cha mtoto na mwiba. Tumezoea kudhani kwamba kisa kilitangulia, ibada ikafuata. Hapa maandishi yanaonyesha kinyume. Watu walikuwa tayari wanamwita Blasi mtoto anapopaliwa, vizazi vingi kabla ya mwandishi kukaa chini kuwapa wasifu wake. Kwa maoni yangu mwandishi yule hakudanganya. Alipokea imani iliyokuwa hai majumbani, akaivalisha mama, mtoto na samaki. Wanyama wa pangoni nao si wa Blasi peke yake: watakatifu wengi wa jangwani na milimani wanasimuliwa hivyo, kwa sababu wasimulizi walitaka kuonyesha kwamba mtu mwema huirudisha amani ya bustani ya Edeni.

Toka hapo jina lake lilisambaa sana. Waorthodoksi humkumbuka Februari 11. Maratea, kusini mwa Italia, wanatunza masalia yake. Dubrovnik, bandari ya Kroatia, wamemfanya mlinzi wa mji, na sherehe yao ya Februari iliingizwa na UNESCO mwaka 2009 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wachana sufu wa Uingereza walimfanya somo wao kwa sababu chombo kilichomtesa ndicho chombo cha kazi yao. Bradford walimfanyia maandamano makubwa mwaka 1825, wakati nchi yenyewe ilikuwa ya Kiprotestanti.

Njia iliyoyaleta mapokeo haya kwetu ni rahisi kuitambua. Nchi zinazosema Kijerumani ndizo zilizomshika Blasi kwa nguvu zaidi, zikimweka miongoni mwa Wasaidizi Watakatifu Kumi na Wanne waliokimbiliwa nyakati za tauni. Na ni wamisionari wa huko waliolihubiri bonde hili na milima ya Mahenge: Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia, waliofungua misheni ya Kwiro mwaka 1902, kisha Wakapuchini wa Uswisi kuanzia miaka ya 1920. Walikuja na kalenda yao, na kalenda ikazaa majina ya ubatizo. Akina Blasi na Blasius wa Tanzania ni watoto wa kalenda hiyo.

Papa Paulo VI alipoirekebisha kalenda ya Kanisa mwaka 1969, Barbara na Katarina wa Aleksandria waliondolewa kwa sababu historia yao haikupatikana. Blasi alibaki, ingawa kumbukumbu yake ni ya hiari. Naona ilikuwa haki. Wasifu wake ni dhaifu, lakini ibada yake ina mizizi mirefu kuliko wasifu huo.

Na kwa kuwa hadithi ilimfanya tabibu, na tabibu ndiye aliyetuhifadhia jina lake, nisiliache suala la mwiba wenyewe. Desturi ya kumeza tonge kubwa la ugali au wali ili lisukume mwiba si salama: linaweza kuuzamisha zaidi kwenye nyama ya koo. Anayekohoa mwachie akohoe. Asiyeweza kupumua wala kusema ainamishwe mbele, apigwe kwa kiganja mara tano katikati ya mabega. Kilichokwama kisipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, ishike kwa mkono wa pili, vuta kwa nguvu ndani na juu mara tano, kisha uanze tena na mgongo. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja habonyezwi tumbo: alazwe kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, apigwe mgongoni, kisha ageuzwe na kubonyezwa kifua. Anayepumua vizuri lakini bado anahisi mwiba aende hospitali, Mtakatifu Fransisko pale Ifakara au kituo chochote kilicho karibu, daktari amwangalie. Mate yenye damu, homa, uvimbe wa shingo au maumivu ya kifua visisubiri kesho.