Vyuo vya Nakawa na Viwanda vya Luzira: Nani Alipie Kipimo?

Ndugu mfanyakazi, ukipanda teksi Port Bell, ukapita Kitintale, hukawii kufika Nakawa. Hapo kipo Chuo cha Biashara cha Makerere, na mbele kidogo, kilimani, kipo Chuo Kikuu cha Kyambogo. Wako wafanyakazi wa Luzira wanaosomesha watoto huko. Wako wanaopangisha chumba cha uani kwa wanafunzi. Wako pia wanaokwenda huko kwa kazi: wapishi, wafagiaji, askari wa lango, waosha nguo. Asubuhi wote hao hubanana katika teksi moja. Kwa sababu hiyo, ubishi uliotokea wakati wa korona kuhusu kufungua vyuo na kupima virusi haukuwa ubishi wa maprofesa peke yao. Ulituhusu sisi, ingawa mara nyingi ulisemwa kana kwamba hatumo.

Tukumbushane mambo yalivyokwenda. Shule na vyuo vyote vya Uganda vilifungwa tarehe 20 Machi 2020, siku moja kabla mgonjwa wa kwanza hajatangazwa. Siku kumi baadaye ikaja amri ya watu kukaa nyumbani. Viwanda viliruhusiwa kuendelea, lakini kwa sharti kwamba wafanyakazi wanaohitajiwa walale kiwandani au karibu nacho. Mwanafunzi alirudishwa kwao. Mfanyakazi alilazwa kazini. Tarehe 15 Oktoba 2020 madarasa ya mtihani na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa vyuo waliruhusiwa kurudi. Wengine walifuata kwa zamu mwaka 2021. Kisha likaja wimbi la pili, na tarehe 7 Juni 2021 milango ikafungwa tena. Vyuo vikuu vilifunguliwa tarehe 1 Novemba 2021, na shule zikangoja mpaka tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi iliyofunga shule muda mrefu kuliko Uganda.

Hasara yake tunaijua majumbani mwetu. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliguswa. Mwaka 2021 Mamlaka ya Taifa ya Mipango ilikadiria kwamba asilimia 30 huenda wasirudi darasani kabisa. Wasichana walipata mimba, wavulana walikwenda kwenye mashamba ya miwa na machimbo ya mawe, na walimu wengi wa shule za binafsi waliokatiwa mishahara waliuza chapati kando ya barabara. Mtu anayesema vyuo na shule vingeendelea kufungwa mpaka virusi viishe, basi hakuhesabu mambo hayo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya hatari tarehe 5 Mei 2023. Je, tungengoja mpaka siku hiyo?

Kwa hiyo kufungua kulikuwa lazima. Swala lilikuwa kufungua namna gani.

Bunduki ya joto na kijiti cha pua

Vyuo vilipofunguliwa, langoni palikuwa na ndoo ya maji na sabuni, barakoa, na askari mwenye kile kidude cha kupima joto la paji la uso. Kila mwanafunzi hakupimwa virusi kabla ya kuingia. Wengine walisema hilo ni kosa kubwa; wengine walisema ndivyo uwezo wetu ulivyoruhusu.

Hapana budi tueleze tofauti ya vipimo, maana watu walidanganyana sana. Kidude cha joto kinapima homa, hakipimi korona. Kijana wa miaka 20 anaweza kuwa na virusi, asihisi chochote, akapita langoni akicheka, na jioni akampelekea mpangishaji wake wa Kitintale. Kipimo cha maabara, kile cha kijiti kinachoingizwa puani, kinatafuta virusi vyenyewe, hata vikiwa vichache. Lakini sampuli ilipaswa kusafirishwa hadi maabara, na siku za msongamano majibu yalichukua siku kadhaa. Jibu linalofika siku ya nne linakueleza ulivyokuwa siku ya kwanza. Katikati umekwisha kula, umelala bwenini, umepanda teksi. Kipimo cha tatu ni kile cha haraka kinachotoa jibu papo hapo. Hakina macho makali kama cha maabara, lakini kinamkamata yule mwenye virusi vingi, ambaye ndiye wa kuogopwa zaidi.

Bei nayo ni habari nyingine. Mwaka 2020 msafiri au mtu aliyetaka kupimwa kwa hiari yake nchini Uganda alitakiwa kulipa dola 65, karibu shilingi 240,000. Sasa weka hesabu hiyo kando ya nyingine: kima cha chini cha mshahara kilichowekwa kisheria Uganda mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Muswada wa kukibadili ulipita Bungeni mwaka 2019, Rais akakataa kutia saini. Kwa kima hicho, kipimo kimoja ni mshahara wa miezi 40! Tunajua hakuna anayelipwa shilingi 6,000 siku hizi, lakini hata kibarua anayepakia kreti za chupa kwa wiki kadhaa asingeweza kumlipia mwanawe kipimo kimoja bila kukopa, sembuse kila mwezi.

Wala bei hiyo haikuwa amri ya Mungu. Septemba 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpango wa kuzipatia nchi maskini vipimo vya haraka milioni 120 kwa bei isiyozidi dola 5 kimoja. Huko Rwanda wataalamu walitumia njia ya kuchanganya sampuli za watu wengi katika chupa moja: chupa ikiwa safi, wote ni wazima, ikiwa na virusi, ndipo unatafuta ni nani. Na hapa hapa Kampala, Machi 2021, watafiti wa Makerere wakiongozwa na Dakta Misaki Wayengera walizindua kipimo chao cha haraka. Hivyo asitokee mtu kutuambia kwamba uchaguzi ulikuwa ama shilingi 240,000 ama kutopima kabisa.

Ya nchi nyingine

Tazama Marekani, nchi yenye fedha. Agosti 2020 Chuo Kikuu cha North Carolina kule Chapel Hill kilifungua mabweni bila kuwapima wanafunzi wote waliokuwa wakiingia. Wiki moja tu baada ya masomo kuanza, yale ya shahada ya kwanza yakahamishiwa kwenye intaneti, maana ugonjwa ulikuwa umeshika mabwenini. Chuo Kikuu cha Illinois kilifanya kinyume: wanafunzi na wafanyakazi walitema mate kwenye kichupa mara mbili kwa wiki, majibu yakatoka upesi. Hata hivyo wagonjwa waliongezeka mwanzoni, kwa kuwa baadhi ya vijana waliokwisha ambiwa kwamba wanavyo virusi walikwenda kwenye sherehe kama kawaida. Kipimo hakimfungi mtu mguu.

Jirani zetu wa Tanzania waliweka chombo chenyewe mashakani. Mei 2020 Rais Magufuli alieleza kwamba papai na mbuzi walipimwa wakaonekana wana korona, na takwimu zikaacha kutolewa. Vyuo vyao vilifunguliwa tarehe 1 Juni 2020, mapema kuliko vyetu. Kuhoji chombo si kosa. Fundi yeyote hukagua mizani yake. Lakini mizani ikikosea hutengenezwa, haitupwi.

Sisi wenyewe tulikuwa na mfano wa karibu zaidi. Aprili 2020 Uganda ilianza kuwapima madereva wote wa malori mipakani, na baadaye ikaamua wangoje majibu huko huko. Foleni ya Malaba ikafika makumi ya kilometa. Dereva alilala chini ya lori siku kadhaa, bila choo, bila chakula, huku akiitwa mleta maradhi. Kupima kulikuwa sawa. Kumwachia dereva gharama yote ya kungoja, hilo halikuwa sawa.

Anayeogopa kipimo anaogopa nini?

Hapa ndipo tunapotofautiana na wakubwa wengi waliozungumzia jambo hili. Walisema watu wanakataa kupimwa kwa ujinga. Mtazame mpishi wa bweni anayelipwa kwa siku. Akipimwa akaonekana ana virusi, atatengwa siku 14. Siku 14 bila posho ni kodi ya chumba, ni unga, ni ada ya mtoto. Asipopimwa, atakohoa kidogo, atakunywa tangawizi na ndimu, na kesho atapika ugali wa wanafunzi mia tatu. Huyo si mjinga, amepiga hesabu. Ukitaka apimwe, ibadili hesabu yake.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema kwamba mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja mfululizo kazini, akiugua asiweze kufanya kazi, alipwe mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Anatakiwa kumwarifu mwajiri na, akiombwa, kuonyesha cheti cha daktari. Kanuni za mwaka 2011 nazo zinasema mtu asifanywe kibarua kupita miezi 4. Baada ya hapo apewe mkataba wa maandishi. Ukiziweka pamoja, wengi wa wapishi na wafagiaji wanaoitwa vibarua mwaka baada ya mwaka walistahili kulipwa wakiwa wametengwa. Ujanja uko katika kuwaandika upya kila baada ya miezi mitatu, au kuwapitisha kwa wakala ili chuo kiseme si watu wake. Ujanja huo tunaujua pia viwandani, na katika mashamba ya chai na miwa.

Basi, wajumbe wa matawi mtakapokaa na waajiri kuandika mkataba wa pamoja, iwe ni kiwanda, shamba au chuo, ingizeni kifungu cha maradhi ya kuambukiza. Kipimo kinachotakiwa na mwajiri kilipiwe na mwajiri, kama vile viatu na glavu. Siku za kungoja majibu zihesabiwe siku za kazi. Anayetengwa alipwe, na watu wa wakala wahesabiwe pamoja na wengine. Majibu apewe mwenyewe na daktari, yasibandikwe ukutani wala kutangazwa kwenye foleni ya chakula. Na kila mmoja wetu atunze barua yake ya kuanza kazi, hata kama ni kipande cha karatasi chenye mhuri, na nakala ampe mjumbe wa tawi, maana siku ya ugonjwa jambo la kwanza litakaloulizwa ni tarehe aliyoanza.