Jina la Biashara Si Alama ya Biashara

Ndugu mkulima, wazee wa Ukambani tangu zamani walichora alama ya ukoo juu ya mzinga kabla ya kuupandisha mtini. Aliyeiona alama ile alijua mali ni ya nani, hata kama mwenyewe yuko mbali. Siku hizi asali hutiwa chupani, ikapelekwa Emali, na kutoka Emali ikashika njia ya Nairobi, Mombasa au Loitokitok. Je, alama yako inaifuata?

Wakulima wengi hudhani kwamba aliyepata cheti cha jina la biashara amekwisha kuilinda chapa yake. Sivyo. Mambo haya ni mawili, na ofisi zake ni mbili.

Tuseme wewe na jirani yako mko Kiboko na mnauza asali. Mmeandikisha jina la biashara na cheti mmekitundika ukutani. Chupani mnabandika picha ya mbuyu na neno mlilolibuni wenyewe. Miaka mitatu inapita, wanunuzi wameizoea. Kisha mfanyabiashara wa mji mwingine anaiandikisha picha ile na neno lile kuwa alama yake, na wakili wake anawaandikia barua: acheni kuitumia. Sheria humfikiria aliyetangulia kuitumia alama, lakini ni juu yenu kuthibitisha hayo, na kesi hula pesa na siku za shamba. Cheti cha ukutani peke yake hakitawaokoa.

JINA LA BIASHARA huandikishwa katika Business Registration Service, idara iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2015. Huonyesha ni nani aliye nyuma ya jina, na benki hukitaka cheti hicho ukifungua akaunti ya biashara. Ni kama kitambulisho.

ALAMA YA BIASHARA huandikishwa katika Kenya Industrial Property Institute, yaani KIPI, iliyoanza kazi mwaka wa 2002. Hukupa haki ya kuitumia alama hiyo peke yako, Kenya nzima, juu ya bidhaa za aina uliyoandikisha. Ni kama chapa juu ya ng'ombe.

Ukitaka kuandikisha alama, fuata haya:

1. Buni neno au picha ya kipekee. "Asali Safi" au "Maembe ya Emali" hayafai, kwa kuwa kila muuzaji ana haja ya maneno hayo. Kampuni moja ya Uingereza iliomba huko kwao kuandikisha neno Kikoy. Ilipingwa, na mwaka wa 2008 ombi likaachwa.

2. Omba KIPI wakutafutie kama kuna aliyekutangulia.

3. Taja daraja la bidhaa. Madaraja yote ni 45. Asali imo katika la 30. Matunda kama yalivyotoka shambani yamo katika la 31. Aliyeandikisha moja hakuandikisha yote.

4. Ombi likikubaliwa hutangazwa, na watu hupewa siku 60 za kulipinga. Asipotokea mpinzani, alama huandikishwa.

5. Alama hudumu miaka 10, kisha huongezwa miaka 10 mingine, na kuendelea. Lakini itumie: isipotumika miaka mitano mfululizo, mtu aweza kuomba ifutwe.

Ada ikiwa nzito kwa mtu mmoja, zungumzeni katika chama chenu cha ushirika. Sheria huruhusu alama moja ya chama kutumiwa na wanachama wote. Hapo wekeni masharti: asali iliyochanganywa na sukari isitiwe katika chupa yenye alama yenu, maana mmoja akidanganya, wote huaibika.

Usingoje hata jina lako livume. Anza kuuliza leo, kabla ya kuchapisha vibandiko vipya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.