Darasa Lisilo na Kengele

Miongoni mwa mambo yaliyoingia majumbani mwetu kupitia simu ni masomo ambayo mwanafunzi huyasoma peke yake, kwa wakati wake na kwa mwendo wake. Hakuna kengele, hakuna daftari la mahudhurio, wala mwalimu anayesubiri mlangoni. Mama huweza kujifunza kuoka keki baada ya kulaza watoto. Binti aliyemaliza shule huweza kujifunza kompyuta ilhali yumo nyumbani akimuuguza nyanya yake. Kwa mwanamke ambaye saa zake si zake, hii ni neema kubwa. Na hivi sasa wako akina mama na dada zetu, kutoka Lamu hadi Vanga, wanaofikiria si kusoma tu bali kusomesha kwa njia hiyo: ushonaji, hina, mapishi, Kiarabu, hesabu za biashara. Makala haya ni yao kwanza.

Jambo la awali wanalopaswa kulijua ni chungu: wengi wanaoanza masomo haya hawamalizi. Mwaka 2011 somo la akili bandia la Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, lilitolewa bila malipo. Wakajiandikisha watu wapatao 160,000, na waliomaliza walikuwa 20,000 na ushei. Mwaka uliofuata zikaanzishwa Coursera na edX, na wako waliotabiri kwamba vyuo vya matofali vitafungwa. Havikufungwa. Mwaka 2019 watafiti Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha uchunguzi wa masomo ya Harvard na MIT yaliyotolewa kupitia edX, wakaonyesha kwamba katika mwaka wa masomo wa 2017–18 waliokamilisha walikuwa takriban 3 katika kila 100. Ni kweli baadhi ya wale wengine walikuja kuchungulia tu, na hao hawana lawama. Lakini mama aliyetuma shilingi zake kwa M-Pesa hakuja kuchungulia. Akikwama kwenye somo la tatu, pesa zimekwenda, na kibaya zaidi hujiambia kwamba yeye ni mzito wa kuelewa, ilhali aghalabu mzito ni somo lenyewe.

Kusoma kwa mwendo wako si jambo geni kwetu. Aliyewahi kukaa jamvini chuoni anakumbuka: mmoja yuko kwenye herufi, jirani yake anaunganisha, wa tatu amefika Amma, wa nne anakaribia kuhitimu, wote chumba kimoja na mwalimu mmoja. Kila mtoto alikuwa na mahali pake. Kilichozuia fujo ni mambo mawili. Hukuvuka kwenda mbele mpaka mwalimu akusikilize. Na kila siku ulirudia ya nyuma kabla ya kupewa jipya. Hata Isaac Pitman, aliyefundisha hati mkato kwa posta huko Uingereza mwaka 1840, hakutuma tu masomo. Wanafunzi walimrudishia kazi zao azisahihishe. Wengi wanaotengeneza masomo ya simu huchukua ule uhuru wa mwendo, wakamwacha msikilizaji na marudio.

Natuchukue mfano: mama anataka kuwafundisha wenzake hesabu za biashara ya vitafunio. Asianze kwa kujiuliza, "Nitasema nini?" Ajiulize, "Akimaliza, ataweza kufanya nini asichokiweza leo?" Neno "ujasiriamali" si jibu. "Ataweza kujua kila sambusa imemgharimu shilingi ngapi," hilo ni jibu. Lisiloifikisha safari hapo liondolewe, pamoja na ule utangulizi mrefu wa mwalimu kujieleza. (Sisi masheikh tunajulikana kwa muqaddima, lakini msikilizaji wetu hana kitufe cha kutuzima.)

Kisha somo likatwe vipande. Philip Guo na wenzake walichunguza mara milioni 6.9 ambazo watu walitazama video za edX, wakachapisha mwaka 2014 kwamba muda wa kawaida wa mtu kuendelea kutazama hauzidi dakika 6, hata video iwe ndefu kiasi gani. Kwetu sisi kuna na bando juu yake. Video iwekwe pale tu mkono unapohitaji kuonekana, kama vile kukunja sambusa; mengine yatoshe kwa sauti au kwa maandishi mafupi.

Lakini moyo wa somo ni zoezi. Swali la "Umeelewa?" halina maana, kwani kila mtu hujibu ndiyo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba waliorudia kusoma maandishi walifanya vizuri zaidi wakiulizwa baada ya dakika 5. Walipoulizwa baada ya wiki, waliowashinda ni wale waliokuwa wamejaribu kukumbuka bila kutazama. Basi mwanafunzi aambiwe aweke simu kando na atoe kichwani.

Mathalan: unga, nyama, vitunguu, mafuta na makaa vimegharimu shilingi 1,200, zikatoka sambusa 80, bei shilingi 20. Kila moja imegharimu 15. Zikibaki 10 zikaliwa na watoto, faida ni ngapi? Wengi watazidisha 70 kwa 5 waseme 350. Sivyo. Zimeingia 1,400, faida ni 200, nusu ya ile 400 iliyotarajiwa. Mtunzi hodari huijua 350 kabla haijaandikwa, na huiwekea jibu lake: "Umesahau kwamba zile kumi nazo ziligharimu." Kumwandikia tu "Umekosea" ni sawa na mwalimu aliyelala. Na somo linalofuata lianze kwa swali moja la somo hili, kisha swali hilo lirudi tena baada ya wiki kwa tarakimu za biashara yake mwenyewe.

Cheti chenye nakshi apewe aliyeleta hesabu hizo, si kila aliyebonyeza kitufe cha mwisho.

Msikilizaji naye asikosekane. Si lazima awe hewani kila saa. Jioni moja kwa wiki ya kujibu kazi yatosha, mradi ijulikane. Zingatia pia kwamba si kila mwanamke anayependa sauti au picha yake izunguke katika kundi la WhatsApp, hasa likiwa na wanaume. Aruhusiwe kutuma kazi kwa mwalimu peke yake, kwa maandishi. Pendekeza tarehe bila kufunga mlango, kwa sababu uhuru usio na tarehe huishia kuwa "kesho". Naye akinyamaza wiki mbili, aulizwe hali kabla ya kuulizwa kazi. Yamkini mtoto anaumwa.

Kabla ya kutangaza bei, mpe jirani mmoja somo la kwanza, asiye ndugu yako wala mwenye kukuonea haya. Kaa pembeni, usimsaidie, usimweleze. Tazama kidole chake: pale kinaposimama, au anapouliza "Sasa nifanye nini?", weka alama, urekebishe, kisha umpe jirani mwingine.