Ushirikishanaji wa data za utafiti

Ushirikishanaji wa data za utafiti ni utaratibu wa kuhifadhi na kuweka wazi data zilizokusanywa na mtafiti, chuo kikuu au taasisi fulani ili watafiti wengine waweze kuzikagua na kuzitumia kwa maswali mapya. Data hizo zinaweza kuwa vipimo vya mvua na udongo, majibu ya hojaji, matokeo ya maabara, picha au rekodi za sauti.

Utaratibu huu una manufaa makubwa hasa pale data za sayansi asilia zinapounganishwa na za sayansi ya jamii. Mambo kama njaa, maradhi na uhamaji hayamo ndani ya somo moja. Mtaalamu wa hali ya hewa anajua mvua ilinyesha kiasi gani. Mtaalamu wa uchumi anajua kaya ilivuna nini na ilikula nini. Kila mmoja ana nusu ya habari.

Historia

Katika sayansi asilia hatua kubwa ilipigwa wakati wa Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia (1957-1958), ambapo vilianzishwa Vituo vya Data vya Dunia ili vipimo kutoka nchi nyingi vihifadhiwe pamoja. Kwa upande wa sayansi ya jamii, hifadhi ya pamoja ya vyuo vikuu ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani mwaka 1962, ikafuatwa na ile ya Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza mwaka 1967.

Mwaka 2016 kundi la wanasayansi lilichapisha kanuni zinazojulikana kwa kifupi cha FAIR: data zipatikane kwa urahisi, zifikike, zioane na data nyingine, na ziweze kutumika tena. Mwezi wa Novemba 2021 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo kuhusu sayansi huria, linalohimiza pia kuweka data wazi.

Tofauti kati ya masomo

Kuunganisha data za masomo mawili si kazi ya kubandika majedwali tu. Mtaalamu wa hali ya hewa hupanga data zake kwa latitudo, longitudo na siku. Mtafiti wa jamii hupanga zake kwa kaya, kijiji, kata na msimu wa kilimo. Neno moja pia linaweza kuwa na maana tofauti: kwa mpima mvua, "ukame" ni upungufu wa milimita kulinganisha na wastani wa miaka mingi, kwa mkulima, mvua inaweza kufikia wastani na bado ukawa ukame, ikiwa ilikatika wakati mtama unatoa suke.

Kwa sababu hiyo kila seti ya data inahitaji maelezo yake: nani alikusanya, lini, wapi, kwa kipimo gani, na kila safu ya jedwali ina maana gani. Bila maelezo hayo faili hubaki na tarakimu zisizo na faida kwa mtu mwingine. Hasara yake haifidiwi, maana mvua ya mwaka 2008 haiwezi kupimwa upya, wala mkulima hawezi kukumbuka kwa usahihi magunia aliyovuna mwaka ule.

Mifano ya Tanzania

Mfano wa awali ni utafiti wa afya na maendeleo katika Mkoa wa Kagera. Kaya zilihojiwa kati ya 1991 na 1994, wakati UKIMWI ulipokuwa umeathiri sana mkoa huo, na watu walewale wakatafutwa tena mwaka 2004 na 2010, hata kama walikuwa wamehamia mbali. Data zake ziliwekwa wazi, zikatumiwa na wachumi, wataalamu wa afya na watafiti wa uhamaji.

Mfano wa kitaifa ni utafiti unaofuatilia kaya unaojulikana kwa kifupi cha NPS, unaoendeshwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa ushirikiano na Benki ya Dunia. Awamu ya kwanza ya 2008/09 ilihoji kaya 3,265, zikiwemo za Tanzania Bara na Zanzibar. Data zake hutolewa bila majina, pamoja na taarifa za mvua, udongo na umbali wa kufika sokoni. Ili kaya zisitambulike, mahali panapoonyeshwa husogezwa kidogo kwa makusudi. Mtafiti anaweza kulinganisha mvua na mavuno bila kujua nyumba ya mtu.

Mkoa wa Singida

Singida ni mkoa wa nusu ukame katikati ya Tanzania. Una msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mazao yake ni pamoja na mtama, uwele na alizeti. Katika mazingira ya namna hiyo ni vigumu kueleza hali ya chakula bila kuunganisha data za mvua, za kilimo na za idadi ya watu.

Mkoa huu pia unaonyesha jinsi maelezo ya data yalivyo muhimu. Katika sensa ya 2002 Wilaya ya Iramba ilikuwa na wakazi takriban 367,000. Katika sensa ya 2012 ilikuwa na 236,282. Asiyejua historia ya mkoa angeweza kudhani kwamba theluthi moja ya watu walihama au walikufa. Ukweli ni kwamba mwaka 2012 Iramba iligawanywa na kuzaa Wilaya ya Mkalama, iliyohesabiwa wakazi 188,733. Ukijumlisha wilaya hizo mbili unapata 425,015, yaani watu waliongezeka. Vivyo hivyo Wilaya ya Ikungi ilitengwa kutoka Singida Vijijini.

Kosa la namna hiyo si dogo. Anayekadiria mahitaji ya chakula, dawa au madarasa kwa jedwali lisilo na maelezo anaweza kuwapunja watu wengi. Njia ya kuliepuka ni kuhifadhi jina la kata au kijiji pamoja na latitudo na longitudo zake, kwa kuwa mipaka ya wilaya hubadilika lakini kijiji hubaki mahali pake.

Wahadza na haki za wanaotafitiwa

Wahadza wanaishi kuzunguka Ziwa Eyasi, na baadhi yao wako katika Wilaya ya Mkalama, kwa mfano katika eneo la Munguli. Ni miongoni mwa jamii zilizotafitiwa sana Afrika Mashariki, na wataalamu wa lugha, lishe, anthropolojia na biolojia. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba bakteria wa matumbo ya Wahadza hubadilika kufuata kiangazi na masika. Maabara peke yake isingeweza kueleza sababu. Ilihitajika kujua kwamba chakula chao hubadilika kwa majira, asali na matunda ya porini yakiliwa zaidi wakati wa mvua na nyama wakati wa kiangazi.

Hata hivyo, jamii yao ina watu wachache, zaidi kidogo ya 1,000. Kwa kundi dogo hivyo kufuta majina hakutoshi: umri, jinsia na kambi vinaweza kumtambulisha mtu. Aidha, aliyekubali kupimwa kwa ajili ya utafiti mmoja hajakubali matumizi yote yatakayofuata. Mwaka 2019 zilitolewa kanuni za CARE, zinazotaka jamii za asili zifaidike na data zao na ziwe na mamlaka juu yake.

Sheria nchini Tanzania

Vibali vya utafiti hutolewa kupitia Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986. Utafiti wa afya huhitaji pia kibali cha maadili, ambacho ngazi ya taifa hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR).

Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilirekebishwa mwaka 2018 na kuzuia kuchapisha takwimu bila idhini ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Baada ya malalamiko, masharti hayo yalilegezwa mwaka 2019. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa hiyo anayeshirikisha data za watu anapaswa kuzingatia faragha kisheria, si kimaadili pekee.

Changamoto

Data nyingi za vyuo vikuu hubaki katika kompyuta ya mtafiti na hupotea anapostaafu au kifaa kinapoharibika. Wengine husita kuzitoa wakihofia kwamba mwenzao atachapisha kabla yao. Hifadhi nyingi hutatua hilo kwa kuruhusu muda wa kusubiri na kudai kwamba mkusanyaji atajwe. Tatizo jingine ni kwamba wanavijiji waliojibu maswali mara nyingi hawarudishiwi matokeo, ingawa ndio chanzo cha data zenyewe.