Sukari Inapopanda Baada ya Kiharusi

Mgonjwa wa kiharusi akifikishwa hospitalini, hutobolewa kidole mapema ili apimwe sukari. Sukari ikishuka mno, mtu huweza kulegea upande mmoja na kushindwa kusema, mkadhani amepooza, kumbe akipewa glukosi anarudi katika hali yake. Ikiwa juu, kupona huwa kugumu zaidi. Na hupanda hata kwa asiye na kisukari, kwa sababu mwili ulioshtuka humwaga adrenalini na kortisoli.

Madhara yake yanaeleweka. Donge la damu linapoziba mshipa, seli zilizozunguka sehemu ya ubongo iliyokwisha kufa huendelea kuishi kwa muda zikiwa na oksijeni haba. Sukari nyingi inayotumiwa bila oksijeni ya kutosha huzalisha asidi ya laktiki, nayo huziumiza seli hizo. Kuta za mishipa midogo pia hudhoofika. Ndiyo maana mwenye sukari ya juu akipewa dawa ya kuyeyusha donge, ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuvuja damu ubongoni.

Basi wengi waliamini kwamba kuishusha sana kungesaidia. Utafiti wa SHINE, ulioongozwa na Karen Johnston wa Chuo Kikuu cha Virginia, uliipima imani hiyo nchini Marekani kati ya 2012 na 2018. Wagonjwa 1,151 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja liliwekewa dripu ya insulini ili sukari ikae kati ya milimoli 4.4 na 7.2 kwa lita, jingine lilichomwa insulini chini ya ngozi pale ilipohitajika, ili isifike 10.

Baada ya siku 90, waliopona vizuri, kwa kuzingatia ukali wa kiharusi chao, walikuwa asilimia 20.5 katika kundi la dripu na asilimia 21.6 katika lile jingine. Hakukuwa na faida. Zaidi ya hayo, asilimia 2.6 ya waliowekewa dripu walishukiwa na sukari kwa kiwango cha hatari. Upande wa pili hakuna hata mmoja. Utafiti ulisimamishwa kabla ya idadi iliyokusudiwa kutimia.

Kwangu mimi, matokeo haya yana thamani kubwa, maana yamewaepusha wagonjwa na tiba nzito isiyowafaa. Huenda sukari inayopanda, kwa sehemu, ni dalili tu ya ukubwa wa kiharusi chenyewe. Baadhi ya miongozo ya tiba hulenga kati ya 7.8 na 10, huku mgonjwa akipimwa mara kwa mara.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mdomo wa mwenzako ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakimkwama, usimchome insulini kwa kukisia, wala usimnyweshe chai au uji, kwani huenda hawezi kumeza vizuri na akapaliwa. Kumbuka saa dalili zilipoanza, umkimbize hospitali.