Kamera ya mtego ya betri

Kamera ya mtego ni kamera inayoachwa porini bila mpigapicha, ikapiga picha yenyewe mnyama anapopita mbele yake. Hutumiwa na watafiti, askari wa hifadhi, wapigapicha na wanafunzi ili kuwaona wanyama wanaokwepa watu au wanaotembea usiku, kama vile chui, muhanga, kanu na nungunungu. Kamera hizi huuzwa zikiwa tayari, lakini pia huundwa kwa mkono kutokana na vipuri vya elektroniki vya bei nafuu. Ugumu mkubwa wa kuiunda ni betri. Kifaa kinatakiwa kungoja mchana na usiku kwa majuma kadhaa mahali pasipo na umeme, na kila dakika ya kungoja hula chaji.

Historia

Wazo lenyewe limeitangulia elektroniki. Katika miaka ya 1890 George Shiras III, mwanasheria wa Pennsylvania nchini Marekani, alitega uzi uliounganishwa na kamera na unga wa magnesiamu. Mnyama aliyeugusa uzi huo alijipiga picha mwenyewe. Gazeti la National Geographic lilichapisha picha zake zaidi ya 70 katika toleo la Julai 1906. Karibu na wakati huohuo Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za usiku za wanyama katika nyika za Kilimanjaro na Umasaini, Tanzania ya leo, na kuzitoa katika kitabu mwaka 1905.

Mitego ya namna hiyo ilitoa picha moja tu: unga ukishalipuka, mtu alilazimika kurudi kuutega upya. Kamera za filamu zilizofuata zilikuwa na picha 36 kwa mkanda, ambazo kundi moja la nyani liliweza kuzimaliza kabla ya saa nne asubuhi. Kadi ya kumbukumbu iliondoa kikomo hicho, kwa kuwa hubeba maelfu ya picha. Kikomo kilichobaki ni umeme.

Kihisi cha joto

Kinachoiamsha kamera kwa kawaida ni kihisi cha PIR. Hakitoi mionzi yoyote. Hupokea tu joto linalotoka kwenye vitu vilivyo mbele yake. Lenzi ya plastiki nyeupe iliyokifunika hugawa eneo la mbele katika vipande vingi, na mwili wenye joto unapotoka kipande kimoja kuingia kingine, kihisi hutoa ishara. Kwa sababu hiyo mnyama anayekatiza mbele ya kamera hugunduliwa kwa urahisi kuliko yule anayeijia moja kwa moja. Bodi ndogo ya HC-SR501, inayotumiwa sana na wanaojifunza, huona hadi mita 7 hivi na hutumia chini ya miliampea 0.1. Ikiwashwa huhitaji kama dakika moja kutulia, hivyo haifai kuzimwa na kuwashwa kila mara.

Kihisi hutambua tofauti ya joto kati ya mnyama na mazingira yake. Mchana wa jua kali, ardhi na mawe hufikia joto la ngozi ya mnyama, na swala anaweza kupita bila kuonekana. Nyoka na mijusi, ambao joto lao hufuata la mazingira, hukosekana mara nyingi. Kinyume chake, nyasi zilizopashwa na jua zikipeperushwa na upepo huiamsha kamera bure. Katika mradi wa Snapshot Serengeti, uliotega kamera 225 katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, takwimu za miaka 2010 hadi 2013 zilikuwa na mafungu ya picha yapatayo milioni 1.2. Yaliyokuwa na wanyama yalikuwa takriban 322,000. Yaliyobaki, karibu robo tatu, yalikuwa matupu, na kila picha tupu ililipiwa na betri.

Hesabu ya umeme

Kazi ya kubuni huanza na wati-saa, yaani nguvu inayotumika ikizidishwa kwa saa za matumizi. Seli moja ya lithiamu ya aina ya 18650 yenye volti 3.7 na ampea-saa 3 hubeba wati-saa 11. Seli nne hubeba 44, lakini baada ya kuondoa kinachopotea katika kubadilisha volti na kile kisichopaswa kukamuliwa, ni busara kuhesabu 35.

Chaguo la wengi ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi Zero W, kwa sababu hupokea kamera nzuri na ni rahisi kuipangia programu. Hata isipofanya lolote hutumia miliampea 100 hivi kwa volti 5, sawa na nusu wati. Kwa siku hiyo ni wati-saa 12. Betri ya wati-saa 35 itakwisha chini ya siku tatu, hata kama hakuna mnyama aliyepita.

Dawa yake ni usingizi. Kihisi peke yake hubaki macho, na kamera hukatiwa umeme kwa transista mpaka kihisi kitoe ishara. Tuseme bodi nyepesi ya mikrokontrola yenye kamera hutumia wati 1.25 kwa sekunde 15 kila inapoamshwa. Ikiamshwa mara 100 kwa siku hutumia wati-saa 0.52. Kihisi na saa, vikitumia miliampea 0.5 kwa pamoja, huongeza wati-saa 0.06. Betri ileile sasa inafika siku 60.

Lakini usingizi nao una gharama. Raspberry Pi huchukua sekunde kumi na zaidi kuamka, na kwa muda huo mondo ameshavuka njia na kutoweka. Bodi ya ESP32-CAM huamka haraka zaidi, ila kamera yake ya kawaida ni ya megapikseli 2, inayotosha kumtambua pundamilia lakini si kutofautisha aina mbili za kanu usiku. Kwa hiyo Raspberry Pi hufaa zaidi mahali ambapo mnyama hukaa, kama kwenye kiota au kisima cha maji, nayo huwashwa kwa saa maalumu tu. Kwenye njia ya wanyama, kasi ya kuamka ndiyo inayoamua kama picha itakuwa ya mnyama au ya mkia wake.

Kuna mtego mwingine katika karatasi za maelezo. Chipu ya ESP32 ikilala usingizi mzito hutumia mikroampea 10 hivi, lakini bodi nzima ya ESP32-CAM, pamoja na kamera na kirekebisha volti, inaweza kutumia miliampea 6, yaani mara 600 zaidi. Ni vyema kuipima bodi yenyewe kwa mita kabla ya kuamini hesabu.

Betri

Betri za kawaida za alkali za ukubwa wa AA hupatikana kila duka, lakini volti yake hushuka taratibu kadiri inavyotumika. Dalili yake porini ni ya kupotosha: picha za mchana huendelea kuwa nzuri huku za usiku zikiwa nyeusi tupu, kwa kuwa taa ndiyo inayohitaji mkondo mkubwa. Betri za NiMH zinazochajiwa huanza na volti 1.2 tu lakini huishikilia karibu mpaka mwisho.

Seli za lithiamu-ioni hubeba umeme mwingi kwa uzito mdogo, ila zinahitaji saketi ya ulinzi ya kuzuia kuchajiwa kupita volti 4.2 au kukamuliwa chini ya volti 2.5 hivi. Kuchajiwa katika joto la zaidi ya nyuzi 45 huziharibu, jambo la kukumbukwa na anayefunga paneli ya jua juu ya sanduku jeusi. Seli zilizotolewa kwenye kompyuta chakavu ni rahisi, lakini zilizovimba au kutoboka zinaweza kuwaka moto na hazifai.

Mwanga wa usiku na saa

Taa za infraredi humwezesha mnyama kupigwa picha bila kumulikwa kwa mwanga mweupe. Zile za nanomita 850 huangaza mbali zaidi lakini huonekana kama kaa jekundu hafifu. Za nanomita 940 hazionekani kwa macho ya binadamu, ila hufika karibu. Kamera lazima iwe haina kichujio cha infraredi, na picha zake za usiku huwa nyeusi na nyeupe.

Raspberry Pi Zero haitunzi saa ikikatiwa umeme. Bila kipuri cha saa chenye betri yake ndogo, kama DS3231, picha zote hubeba tarehe ya uongo, na picha isiyo na wakati haisaidii sana utafiti.

Sanduku na mahali pa kutega

Sanduku huzuia mvua, vumbi na sisimizi, ambao hupenda kujenga ndani ya vifaa vyenye joto. Matundu ya nyaya huzibwa kwa silikoni, na pakiti ya jeli ya silika hunyonya unyevu. Kosa linalorudiwa sana ni kuweka kihisi nyuma ya kioo: kioo hupitisha mwanga kwa kamera lakini huzuia joto, hivyo lenzi ya kihisi huhitaji tundu lake. Penye tembo na fisi, sanduku la plastiki halidumu. Serengeti walitumia makasha ya chuma.

Kamera hufungwa kwenye mti usioyumba, karibu na kimo cha goti kwa wanyama wa wastani, ikielekea kaskazini au kusini ili isitazame jua likichomoza au kuzama. Nyasi za mbele hupunguzwa.

Matumizi na tahadhari

Mwaka 2005 kamera ya mtego katika msitu wa Ndundulu, Milima ya Udzungwa, ilinasa picha ya sange mwenye uso wa kijivu, mnyama mwenye pua ndefu asiyejulikana kwa sayansi. Alipewa jina la Rhynchocyon udzungwensis mwaka 2008.

Kutega kamera ndani ya hifadhi huhitaji kibali cha mamlaka husika. Nchini Tanzania utafiti wa wanyamapori huratibiwa na TAWIRI. Kwenye ardhi ya kijiji, wenyeji huelezwa kabla, kwa kuwa kamera hupiga picha pia mchota maji na mchunga ng'ombe, na picha zao hufutwa. Picha za faru, tembo au kakakuona hazitangazwi pamoja na mahali halisi zilipopigwa, kwani jangili huzisoma kama mtafiti anavyozisoma.