Nyumba haikaliki kwa joto? Tazama juu ya siling'i

Ukipita Mama Ngina jioni, hasa kati ya Januari na Machi, utawakuta watu wamejaa chini ya mibuyu na kando ya bahari, wengine wakinywa madafu, wengine wakitafuna mihogo. Usidhani wote wamekuja kutazama feri ya Likoni ikivuka. Wengi wamezikimbia nyumba zao. Sisi tulikuwa miongoni mwao, hata jirani mmoja akatuuliza kama tumehamia pale.

Nyumba yetu tuliijenga wenyewe, kidogo kidogo, ng'ambo ya kivuko. Tuliezeka mabati, tukapigilia siling'i, na kwa kuogopa popo na vumbi tukaziba kila tundu. Oktoba ilipofika, kijana wetu aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa KCSE hakuweza kukaa chumba cha juu kabla ya saa nne za usiku. Feni ilimpulizia hewa ya moto.

Mwezi wenyewe una sababu. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Oktoba na tena karibu na tarehe 10 Machi. Wakati huo kuta hupata afueni, lakini paa hulibeba jua lote. Bati lililoota kutu laweza kupita nyuzi 60 za joto, nalo hulirusha joto hilo chini moja kwa moja, kama jiko la makaa linavyokuchoma uso ukiwa umekaa kando.

Fundi mmoja mzee wa Mji wa Kale ndiye aliyetufungua macho. Alipanda, akachungulia juu ya siling'i, akashuka akijifuta jasho.

"Mwanangu," akaniambia, "mmepika, kisha mkafunika chungu."

Alinikumbusha makuti: mazito, nayo hupitisha hewa. Hata zile nyumba za mawe zenye dari ya boriti, matumbawe na chokaa, nyingi ziliwekewa paa la mteremko juu yake, na upepo ukapita katikati. Sikatai kwamba makuti hushika moto upesi na hutaka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Bati lilistahili kushinda. Kosa letu lilikuwa kuuziba ule upepo.

Basi akaanza kwa kutoboa. Alifungua matundu upenuni, upande wa bahari unakotoka upepo wa kaskazi na wa kusi, na mengine kileleni mwa paa, kwa sababu hewa moto hupanda na lazima ipate pa kutokea. Popo walizuiwa kwa wavu wa waya. Kileleni aliweka kofia ya bati, mvua ya masika isiingie.

Ndipo ikaja foili, ile karatasi inayong'aa iuzwayo kwa mabunda. Hapa wengi hupoteza fedha zao. Foili iliyobanwa kwenye bati hupokea moto wake na kuupitisha. Iache nafasi ya inchi moja hivi chini ya bati, na chini yake pia pawe wazi. Kama inang'aa upande mmoja tu, upande huo uelekee chini. Ukitazama juu hujaa vumbi, na foili yenye vumbi haina kazi. Tena foili hupitisha umeme: zima stima kabla ya kupanda, na uiweke mbali na nyaya. Mwingine atakushauri ujaze plastiki nyepesi ya kufungia televisheni. Usikubali, huwaka vibaya.

Wazungu hufunika dari zao kwa mablanketi mazito ya pamba ya kioo ili joto lisitoke. Huku pwani tunalizuia lisiingie, kwa hiyo foili na upepo hutangulia.

Na mwenye kupanga, asiyeweza kufumua paa la watu? Amwombe mwenye nyumba ruhusa ya kupaka mabati rangi nyeupe, baada ya kusugua kutu. Nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua, ingawa chumvi ya bahari itamlazimu kurudia.

Machi iliyofuata, mdogo wa yule kijana alihamia chumba cha juu bila kuombwa. Mama Ngina bado twaenda, lakini Jumapili tu, na kwa ajili ya mihogo.